Usiache mbachao kwa faili lipitalo

Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni



Wazee wetu wa pwani walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, ule wa nyumbani unaoukalia kila siku. Msala ni mkeka mzuri wa kusalia, lakini huo unaousifia ni wa mpita njia. Ukiutupa mbacha kwa kuutamani msala, mwenye msala atakapouchukua utakaa chini kwenye vumbi.

Nasi huku Ruvuma, ambao maisha yetu ni mahindi zaidi ya mikeka, tunalijua neno hilo kwa njia yetu. Mkulima akiletewa mbegu mpya, hata ikisifiwa namna gani, hali mbegu yake yote ya zamani siku hiyohiyo. Yale mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu ya meko, yakipigwa moshi, hubaki palepale mpaka mbegu mpya ionekane imeota, imezaa, na imevunwa.

Leo nataka kuzungumza habari za kompyuta. Tafadhali usizime redio. Najua wapo watakaosema, "Mimi kompyuta inanihusu nini?" Ikiwa una akiba katika chama, mtoto mwenye matokeo ya mtihani, au kadi ya hospitali, basi jina lako limo ndani ya faili fulani, na mtu fulani analifungua na kulifunga kila siku. Ni haki yako kujua anavyolifunga.

Nitaanza na aibu yetu wenyewe.

Mimi ni katibu wa chama kidogo cha kuweka na kukopa hapa mjini. Jina lake naliweka kando. Wakati ninaousimulia tulikuwa wanachama 146: mama lishe, mafundi cherehani, vijana wa bodaboda, wauza nafaka sokoni, na wakulima wachache wa vijiji vya jirani. Hesabu zetu zilikuwa katika leja, daftari kubwa la jalada gumu ambalo kila ukurasa ulikuwa wa mtu mmoja. Mwezi Septemba 2018 leja ile ilijaa. Tukaamua kwenda na wakati. Mpwa wangu, aliyekwenda kusomea mambo hayo Dar es Salaam, akatutungia programu bila kudai hata senti. Tukanunua kompyuta ya mkononi ya mtumba, betri yake imekufa, inaishi kwa waya tu. Leja tukaifunga kabatini, na nyingine hatukununua.

Miezi kumi na minne mambo yalikwenda vizuri, nasi tukavimba vichwa. Ikafika Jumamosi ya tarehe 30 Novemba 2019, siku ya kufunga mwezi. Kazi ilikuwa hivi: programu inamchukua mwanachama mmoja mmoja kwa herufi za ukoo wake, inapiga hesabu yake, inachapa karatasi yake, kisha inaandika mstari wake katika faili. Kazi ya dakika kadhaa. Katikati ya kazi hiyo, kijana mmoja, mwanachama mwenzetu, akachomoa waya ukutani ili achaji simu yake. Alidhani ni waya wa redio. Kioo kikawa cheusi. Tukacheka, tukamtania kijana wa watu, tukachomeka waya, tukawasha.

Kicheko kilikufa pale faili lilipofunguka. Akina Gama walikuwamo. Akina Haule walikuwamo. Akina Komba walikuwamo nusu, na wa mwisho wao alikatika katikati ya jina. Baada yake hapakuwa na kitu. Wewe unayeijua Songea utanielewa nikisema hivi: akina Mapunda, akina Mbawala, akina Ndunguru, akina Ngonyani, akina Nyoni, wote walikuwa wametoweka. Mji wenyewe ulikuwa umetoweka!

Tulikaa majuma mawili tukiunga vipande. Msingi tuliupata katika leja ya zamani, iliyotuonyesha kila mtu alikuwa na nini hadi Septemba 2018. Juu ya msingi huo tukajenga kwa vitabu vya wanachama na vishina vya stakabadhi. Wengi walikuwa na vitabu vyao. Lakini mama mmoja, mkulima, mtu mzima aliyenizidi umri kwa mbali, kitabu chake kilikuwa kimelowa na kuoza siku upepo ulipong'oa bati la nyumba yake. Alisema ana shilingi 345,000. Alizihitaji mwezi Januari, kwa kuwa mjukuu wake alikuwa anaingia kidato cha kwanza, na godoro, sare na sanduku havishuki kutoka mbinguni.

Tukahesabu. Leja ilimpa shilingi 135,000. Vishina vikampa miezi kumi ya shilingi 15,000, yaani 150,000. Jumla 285,000. Zilipungua 60,000, na kitabu cha stakabadhi cha miezi minne kilikuwa kimeliwa na mchwa. Kamati ikagawanyika. Wapo waliosema tumwandikie kile tu chenye ushahidi, maana tukimwamini mmoja kwa mdomo, kesho watakuja kumi. Sikuwalaumu, kwa sababu fedha ile ilikuwa ya watu 146.

Mama yule alitusikiliza mpaka tukamaliza. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mimi mashine siijui. Lakini mlipokuwa mnaandika kitabu kipya, kile cha zamani mlikuwa mmekiweka wapi?"

Nikamtazama mpwa wangu. Mpwa wangu akatazama sakafu. Baadaye, tulipobaki wawili, aliniambia, "Mjomba, mimi nimesoma miaka mitatu, na swali lile sikujiuliza hata siku moja."

Jibu la swali la mama yule, ndugu msikilizaji, ni kwamba kile cha zamani hatukukiweka popote. Programu ilikuwa imeagizwa hivi: fungua faili la wanachama, kisha andika upya tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Maneno hayo yanaonekana hayana ubaya. Lakini katika lugha nyingi za kompyuta, ukiagiza faili lifunguliwe kwa kuandikwa upya, mashine hulifuta kwanza likawa tupu, ndipo inakupa kalamu. Tangu dakika ile mpaka mstari wa mwisho uandikwe, huna la zamani na hujapata jipya. Umesimama katikati ya mto, ukingo uliotoka umebomoka na ule unaokwenda hujaukanyaga. Siku zote kumi na nne tulizofunga mwezi tuliwahi kuvuka salama, nasi tukadhani ni ustadi. Ilikuwa bahati tu.

Sasa sikiliza jinsi programu ilivyotengenezwa upya. Nitalieleza taratibu, kwa sababu hapa ndipo penye manufaa, na halihitaji shahada.

Kwanza, programu hailigusi faili la zamani kabisa. Inaandika orodha mpya katika faili jingine lenye jina jingine, tuseme "wanachama-mpya". Waya ukichomolewa hapa, kinachoharibika ni rasimu. Faili la kweli liko palepale, halina hata alama ya kucha.

Pili, inaiagiza mashine ikandamize maandishi yale mpaka kwenye diski yenyewe. Usishangae. Kompyuta ina tabia ya karani mvivu. Ukimwambia andika, anajibu "nimeshaandika", kumbe bado ameyashika kichwani, akisubiri yawe mengi ayaandike kwa mkupuo. Umeme ukikatika, yaliyo kichwani yanapotea. Kwa hiyo lipo agizo maalumu la kumwambia: usiseme umemaliza mpaka wino uwe umekauka kwenye karatasi.

Tatu, programu inalifungua lile jipya na kulisoma kama mkaguzi. Wanachama ni 146? Jumla ya fedha ni ile iliyotarajiwa? Kama idadi haikubali, kazi inasimama hapo, programu inapiga kelele, na la zamani linaendelea kutawala.

Nne, inachukua nakala ya faili la zamani na kuiweka kando, ikiwa na tarehe yake. Hii ndiyo nakala ya akiba.

Tano, na hapo tu, inalibadili jina lile jipya ili lishike jina la zamani. Kwa nini kubadili jina, na si kunakili yaliyomo? Kwa sababu kunakili ni kazi ndefu, mstari baada ya mstari, na kazi ndefu inaweza kukatika katikati. Kubadili jina ni pigo moja. Ni sawa na kugeuza kibao mlangoni: chumba hakihami, wala mizigo haihami, ni kibao tu. Katika mifumo ya jamii ya Unix hilo ni ahadi ya mfumo wenyewe: atakayefungua faili wakati huo atakuta la zamani zima au jipya zima, na hatakuta nusu ya Komba. Kwenye Windows nako kuna agizo lililotengenezwa kwa kazi hiihii, nalo hupewa majina matatu kwa pamoja: la faili linaloondoka, la faili linaloingia, na la nakala ya akiba itakayobaki.

Lipo sharti moja ambalo mafundi wengi husahau. Faili jipya liandikwe katika diski ileile lilimo la zamani. Ukiliandika kwenye flashi kisha ukataka kulibadili jina liingie ndani ya kompyuta, hakuna kibao cha kugeuza. Mizigo yenyewe inahamishwa, na umerudi katikati ya mto.

Nayo ile hatua ya nne ina sababu ya kuwa ya kunakili. Wapo mafundi wanaoanza kwa kulibadili jina la zamani kuwa la akiba, kisha ndipo wanaliingiza jipya. Si vibaya, lakini kati ya hatua hizo mbili ipo nafasi nyembamba ambapo hakuna faili lenye jina la kweli. Mtu akichomoa waya hapo, programu ikiamka haioni kitu, na kama haikufundishwa kuitafuta nakala ya akiba itadhani chama hakina wanachama. Mpwa wangu alichagua kunakili kwanza, na pia akaifundisha programu itafute akiba kila inapoamka. Aliyeumwa na nyoka, akiona unyasi hushtuka.

Watakuwapo watakaosema kwamba hayo yalikuwa mambo ya zamani ya umeme wa shida. Ni kweli Songea iliungwa kwenye Gridi ya Taifa mwaka 2018, na kabla yake tulitegemea majenereta ya mafuta. Lakini sisi hatukuponzwa na umeme. Tuliponzwa na mkono wa mtu aliyetaka kuchaji simu, na mikono ya namna hiyo imo katika kila ofisi duniani.

Wala nchi yetu si mara ya kwanza kuonja habari hizi. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikatoa amri ya kuzuia kompyuta zisiingizwe nchini, pamoja na televisheni. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni jinsi hesabu za Serikali zilivyovurugika baada ya kuhamishiwa kwenye mashine, hata ikabidi kurudia kazi ya mikono. Watu wengi huisimulia amri hiyo kama kichekesho, kwamba wazee waliogopa mashine. Mimi siku hizi sicheki. Mtu aliyeona hesabu zake zikivurugika, akarudi kwenye alichokijua, ametumia haki ya kila mwenye mbacha. Kosa lilikuwa kuifungia mlango mashine yenyewe, wakati dawa ni kuiingiza ndani huku leja ikiwa bado mezani, zikitembea pamoja miezi kadhaa mpaka jumla za pande mbili zikubaliane. Na sisi wa mwaka 2018 tulifanya kosa la upande wa pili: tuliikaribisha mashine, na leja tukaifukuza siku hiyohiyo.

Sasa yapo mambo matatu ambayo nakala ya akiba peke yake haiyatibu, nami nisipoyataja nitakuwa nimekudanganya.

La kwanza ni akiba moja tu. Ukikosea leo na kuhifadhi, nakala ya akiba bado ni nzuri. Ukihifadhi tena kesho kabla hujagundua, lile kosa la leo ndilo linalokuwa akiba, na lililo zuri limekwisha. Ndiyo maana tarehe inawekwa kwenye jina, na nakala zinaachwa kadhaa. Sisi tunaweka za miezi 12.

La pili ni akiba kukaa nyumba moja na mwenyewe. Mwizi akichukua kompyuta amechukua vyote viwili. Tarehe 26 Septemba 2025, katika mji wa Daejeon huko Korea Kusini, moto uliteketeza sehemu ya kituo cha kompyuta cha serikali. Hifadhi moja ya mafaili ya watumishi wa umma iliungua pamoja na kazi za miaka, na hapakuwa na nakala mahali pengine. Korea Kusini, ndugu msikilizaji, nchi inayotengeneza simu tunazochajia! Sisi siku hizi flashi ya mwisho wa mwezi hulala nyumbani kwa mweka hazina, Bombambili, na nyingine kwangu.

La tatu ni akiba isiyojaribiwa. Tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kuwatunzia watu duniani maandishi ya programu zao, fundi mmoja aliyechoka alifuta kwa makosa hifadhi kuu ya taarifa. Wakakimbilia akiba. Walikuwa na njia kadhaa za kuweka akiba, na moja baada ya nyingine wakakuta haifanyi kazi, au haina kitu ndani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Akiba ambayo hujawahi kuifungua ni ghala lililofungwa. Unajua lina kufuli, hujui kama lina mahindi.

Narudi kwa mama yetu, maana najua unangoja.

Kamati ilikaa mara ya pili. Safari hii nilikwenda na leja ya zamani chini ya kwapa. Nikaifungua ukurasa wake, nikawaonyesha. Januari 2018, shilingi 15,000. Februari, 15,000. Machi, 15,000. Hivyo hivyo mpaka Septemba, miezi tisa, hakuruka hata mmoja, wala hakuleta pungufu. Kisha nikawawekea vishina kumi tulivyonavyo: kila kimoja 15,000. Nikawauliza, mtu wa namna hii, ile miezi minne iliyoliwa na mchwa ndiyo pekee aliyokaa nyumbani? Hakuna aliyejibu. Tukamwandikia 345,000 yake, na tukakubaliana kwamba zile 60,000 zikija kuonekana hazikuwapo, viongozi watatu tutazilipa mifukoni mwetu, kwa kuwa uzembe ulikuwa wetu. Mjukuu alikwenda shule na godoro lake.

Ni leja ile tuliyoifungia kabatini ndiyo iliyomtetea. Mashine mpya ilikuwa imemsahau, na daftari kuukuu likasimama kuwa shahidi wake. Tangu siku ile sisemi tena kwamba la zamani limepitwa na wakati, mpaka nimehakikisha hakuna mtu anayelihitaji kwa ushahidi.

Basi, wewe mwenye duka, mwalimu mkuu, mganga wa zahanati, kiongozi wa chama cha ushirika, siku ukimwita kijana akutungie programu, usimwulize tu itagharimu kiasi gani na itakuwa na rangi gani. Muulize maswali matatu. Waya ukichomolewa katikati ya kuhifadhi, nitabaki na nini? Lile la zamani liko wapi, na nakala yake inalala nyumba gani? Na mara ya mwisho uliifungua lini ukaona yaliyomo? Akibabaika, mpe juma moja akafikiri, kama tulivyompa mpwa wangu. Akikwambia maswali hayo ni ya kizamani, mwambie ndiyo, ni ya kizamani, yaliulizwa Songea na mama mkulima ambaye hajawahi kushika kompyuta.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.